Taji Nyumbani kwa Belarmino

Ng'ombe hawaijui Jumapili, husema babu,
na saa kumi alfajiri tochi imeshawaka,
miguu imeshazama kwenye buti za mpira,
wa kushoto kwanza,
maana goti la kulia halitaki kuamrishwa, lataka kubembelezwa.
Nje, ukungu wa Azori umekalia kuta za mawe
kama mtu aliyekuja kudai deni.
Babu anaupita bila salamu.

Ng'ombe ni kumi na mmoja.
Wote amewapa majina ya shangazi zake,
na wale walio hai bado hawajaambiwa.

Maziwa huenda kiwanda cha jibini kwa pikapu ya Hermínio,
jirani asiyesemezana naye tangu ukuta ulipoanguka
(jiwe la nani, upande wa nani, sikuwa nimezaliwa).
Makopo hupakiwa kwa kutikisa vichwa tu.
Miaka kumi na tisa ya kutikisa vichwa,
na maziwa hayajachelewa hata siku moja.

Mwaka huu, kura ya Roho Mtakatifu ikamwangukia babu.
Shangazi Gilberta akajishika kiuno:
Baba, nyumba yenyewe ina viti vinne!
Babu akasema, Roho haketi kitini.

Basi taji likaja, la fedha, na njiwa wake kileleni,
likapanda mlima nyuma ya ngoma na bendera nyekundu,
likawekwa sebuleni, juu ya meza
ambayo bibi Etelvina aliikandia unga hadi ikabonyea katikati.
Tuliweka kigae chini ya shuka lisije likalala upande.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Taji lilikaa siku saba
na majembe tukapewa sisi:
kupasua kuni, kukata kabichi, kuchuma mnanaa wa mchuzi,
kupokea simu za mjomba Lúcio kutoka Kanada
aliyelipia nyama, na kwa hiyo akataka kujua ng'ombe alikuwa na rangi gani.
Viti vililetwa na kila nyumba,
herufi za wenyewe zimechorwa chini kwa makaa.
Asubuhi moja tulikuta sita langoni, vimelowa umande,
havina herufi.
Babu alivifuta kimoja kimoja
akavipanga mstari wa mbele.

Usiku wa tano hakuwa amelala.
Ng'ombe Conceição alizaa kwa shida, ndama katanguliza matako.
Bado babu aliongoza rozari, nyumba ni yake, zamu ni yake,
koti la harusi, mikono inanuka dawa na maziwa.
Fungu la tatu, Salamu ya nne au ya tano,
akafika *utuombee sisi wakosefu, sasa* —
akaishia hapo.
Kidevu kifuani.

Watu arobaini tulitazama kifungo cha koti lake.
Kikapanda.
Kikashuka.
Mama Odília akajipiga ishara ya msalaba, nusu kwa hofu, nusu kwa kicheko,
na kutoka mlangoni, penye giza na makoti yaliyotundikwa,
sauti ya mwanamume ikaokota sala pale ilipoanguka,
*na saa ya kufa kwetu*,
taratibu, kama abebaye kopo lililojaa mpaka ukingoni.
Tukaitikia kwa kunong'ona.
Shangazi Gilberta peke yake ndiye aliyegeuka kutazama.
Hakusema kitu, lakini alikosea kuitikia mara mbili.

Alfajiri nilimshikia babu tochi.
Nani alimalizia? akauliza, akivuta buti ya kushoto.
Watu, nikasema.
Akanyamaza, akalibembeleza goti.
Watu hao hawajui hesabu, akasema.
Salamu ni kumi. Yule alisema kumi na moja.

Huko barabarani pikapu ilikuwa imeshafika,
injini inanguruma, taa zinauchoma ukungu.
Babu akachukua ndoo.
Hakuharakisha.
Ya kumi na moja, akasema, bila kunitazama,
labda ni ya Etelvina.
Akaingia kukamua.